KABLA HUJALIPIA FREMU YA MWAKA, JUA KWANZA NANI ANALETA WATU (Kisa cha Mlimani City)



Leo siongelei bei za jumla wala mpangilio wa rafu. Leo naongelea fremu. Huku kwetu Igowole, na najua hata Mafinga na Makambako iko hivohivo, fremu mpya zinaota kama uyoga. Kila mwenye jengo anataka pango la miezi sita au mwaka, tena mkononi, kabla hujapigilia hata msumari wa kutundikia bidhaa. Sasa watu wananiuliza, "Nihamie jengo jipya au nibaki hapa nilipo?"

Hilo swali limeshaulizwa na watu wenye mitaji mikubwa kuliko sisi wote tukiunganisha, na majibu yao yako wazi kabisa pale Mlimani City, Dar es Salaam. Kwa hiyo nawaomba tusafiri kidogo, alafu tutarudi nyumbani. Mimi nimeishia kidato cha nne na nauza vyombo vya ndani, sio mchumi. Haya mambo nimeyafuatilia mwenyewe kwa sababu pango ndo linaloua maduka mengi ninayoyaona, kuliko hata hao washindani tunaowalalamikia kila siku.

Tuanze na wazo lenyewe. Yale majengo makubwa yenye maduka mengi chini ya paa moja, ambayo watu wa mjini wanayaita moli, hayakuanzia katikati ya miji. Yalianzia pembezoni, kule watu walikohamia na magari yao. Lile la kwanza la kufunikwa lote kwa paa ni Southdale, lilifunguliwa mwaka 1956 kwenye mji wa Edina, pembeni ya Minneapolis huko Marekani. Mchoraji wake aliitwa Victor Gruen, mzaliwa wa Austria. Kule kuna baridi kweli (watu wa Mufindi tunajiona mabingwa wa baridi, lakini kule maziwa yanaganda mpaka magari yanapita juu yake), kwa hiyo wazo la kununua vitu ndani kwenye joto lilikuwa na maana.

Ila ujanja haukuwa kwenye paa. Ujanja ulikuwa kwenye kuwapanga wapangaji. Waliweka maduka mawili makubwa yenye majina, alafu katikati wakapanga maduka madogo madogo. Mteja anatoka nyumbani akiwa na nia ya kwenda kwenye duka kubwa. Akitoka duka kubwa la kwanza kwenda la pili anapita mbele ya muuza viatu, muuza saa, muuza karanga. Hao wadogo hawakumuita. Wameletewa.

Hapo ndo roho ya moli ilipo. Kuna mpangaji anayeleta watu, na kuna wapangaji wanaoishi kwa watu walioletwa. Mimi yule wa kwanza namuita mvuta watu.

Na kwa kuwa mwenye jengo anajua bila mvuta watu jengo ni ghala tupu, anambembeleza. Anampa eneo kubwa kwa bei ndogo kwa kila mita ya mraba, na mkataba wa miaka mingi. Fidia inatoka wapi? Kwa wadogo. Ukipiga hesabu kwa mita, mwenye kaduka ka simu kwenye korido analipa zaidi kuliko supamaketi. Wengi wakisikia hivi wanasema ni uonevu. Mimi sioni uonevu hapo, ilimradi watu wanakuja kweli. Unalipia watu, hulipii ukuta na sakafu. Shida inaanza pale watu wanapoacha kuja na pango linabaki palepale.

Sasa twende Mlimani City.

Eneo lile ni ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kando ya barabara ya Sam Nujoma, kati ya Mwenge na Ubungo. Sio katikati ya jiji. Zamani mtu wa maeneo yale akitaka manunuzi makubwa alishuka Kariakoo. Chuo kilikuwa na ardhi ila hakikuwa na hela ya kujenga, kwa hiyo kiliingia mkataba wa miaka 50 na kampuni ya Mlimani Holdings, ambayo ni mali ya Turnstar ya Botswana. Mwekezaji ajenge, aendeshe, chuo kipate sehemu ya mapato. Ule mkataba umesemwa sana mpaka bungeni, kama chuo kinapata kinachostahili au la. Hiyo siingii leo.

Jengo lilifunguliwa mwaka 2006. Wavuta watu wakawa wawili, wote kutoka Afrika Kusini: Shoprite kwa chakula na mahitaji ya nyumbani, na Game kwa friji, luninga, vyombo, mahema na kila kitu kikubwa. Katikati yao wakaingia wengine: benki, maduka ya nguo na simu, maduka ya dawa, migahawa, na ukumbi wa sinema. Pembeni kukajengwa ofisi, na Vodacom kwa miaka kadhaa walikuwa na makao yao makuu palepale kabla ya kuhamia barabara ya Bagamoyo. Hebu fikiria wafanyakazi wa ofisi nzima wanashuka mchana kutafuta chakula. Mwenye mgahawa anataka nini tena?

Eneo lenyewe lilikuwa limekaa vizuri. Chuo kiko jirani na wanafunzi wake maelfu, Mwenge kuna kituo cha daladala, na wenye magari wana sehemu ya kuegesha, kitu ambacho Kariakoo huwezi kukiota. Kwa miaka ya mwanzo ile, ukisema "tukutane Mlimani City" hakuna aliyekuuliza ni wapi.

Mwaka 2014 Shoprite wakaamua kuondoka Tanzania. Walikuwa na maduka matatu, wakayauza kwa Nakumatt ya Kenya, na la Mlimani City likiwemo. Maduka matatu kwa nchi kubwa kama hii ni machache. Biashara ya supamaketi ina faida ndogo kwa kila bidhaa, inaishi kwa wingi. Bila maduka mengi huwezi kununua mzigo kwa bei ya kumtisha mtu wa Kariakoo. Hayo ni maoni yangu, lakini naona hesabu zinakubali.

Nakumatt alipoingia kila mtu alijua ni jibaba. Nembo ya tembo, maduka mengine yanafanya kazi saa 24. Na historia yake inamgusa mtu kama mimi moja kwa moja: lilianzia Nakuru kama duka la magodoro, na jina lenyewe limetokana na maneno Nakuru Mattresses. Kutoka magodoro mpaka matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ukiwa mpangaji mdogo kwenye korido, ukaambiwa jirani yako mpya ndo huyo, ungelala usingizi mzuri. Mimi ningelala.

Miaka mitatu haikuisha vizuri.

Naomba hapa tukae kidogo, maana hiki kisa kila muuza duka anakifahamu kwa ukubwa mdogo. Nakumatt alikuwa anapanuka kwa mikopo ya benki na kwa mali kauli. Yaani wazalishaji wanakuletea unga, sabuni, maziwa, unauza, alafu ndo unawalipa baadaye. Mali kauli sio dhambi, hata sisi tunaifanya. Lakini hela ya mali kauli iliyoko kwenye droo sio yako. Ukiichukua kwenda kufungua tawi lingine, unakuwa umejenga kwa hela ya mtu. Alafu unahitaji tawi la tatu lilipe deni la tawi la pili.

Kufikia 2017 deni lake lilitajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Wasambazaji wakachoka, wakaacha kuleta mzigo. Rafu zikaanza kuwa tupu. Utaona ujanja wa kusogeza bidhaa mbele ya rafu ili pasionekane pengo, ila mteja sio mjinga. Anakuja kutafuta mafuta ya kula hapati, wiki ijayo haji. Mauzo yanashuka, pango linashindikana, mwenye jengo anagonga mlango. Mlimani City napo ilikuwa hivohivo, rafu tupu kwanza, na kufikia mwanzoni mwa 2018 duka limefungwa. Januari ya mwaka huo huo Nakumatt yote ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama kule Kenya. Miaka miwili baadaye, Januari 2020, wadai wakapiga kura kampuni ifungwe. Maduka sita ya mwisho yalichukuliwa na Naivas kwa shilingi milioni 422 za Kenya. Jibaba la matawi 60, mwisho wake ukawa maduka sita.

Sasa turudi kwa yule mwenye kaduka kwenye korido. Yeye hakukopa benki. Halipi wasambazaji wa Nakumatt. Mzigo wake upo, duka safi, anafungua saa tatu asubuhi. Lakini jirani yake akiishiwa mafuta ya kula, yeye ndo anaishiwa wateja. Na mkataba wa kawaida wa pango huku kwetu hauna mstari hata mmoja unaosema "duka kubwa likifungwa, pango litapungua". Marekani kwenye moli wanavyo vifungu vya namna hiyo, mpangaji mdogo anaweza kulipa pungufu au hata kuondoka kama mvuta watu aliyetajwa kwenye mkataba ameondoka. Waliviweka baada ya kuumia. Kule wameona moli nzima zikifa: duka kubwa limeondoka, wadogo wakafuata mmoja mmoja, mpaka jengo likabaki la popo.

Nairobi nako walipitia. Nakumatt alikuwa mvuta watu wa Thika Road Mall na wa Junction. Wenye majengo walimtoa 2017, na nafasi zake zikachukuliwa na Carrefour. Hao walibahatika, aliyekuja alikuwa na nguvu kuliko aliyetoka. Sarit Centre ya Westlands, ambayo ipo tangu 1983, nayo mvuta watu wake wa miaka mingi alikuwa Uchumi. Uchumi akaanguka, Carrefour tena akaingia. Kwa hiyo jengo linaweza kupona. Swali la mfanyabiashara mdogo ni moja tu: je, wewe una pumzi ya kusubiri mpaka lipone? Miezi sita bila wateja kwa mwenye jengo ni hasara kwenye kitabu. Kwako wewe ni ada ya mtoto.

Mlimani City nayo ilipona, supamaketi nyingine ikaingia na jengo likaendelea. Ila haijaishia hapo. Game, yule mvuta watu wa pili, naye akaaga. Wenye Game ni Massmart, na Massmart inamilikiwa na Walmart ya Marekani. Mwaka 2021 walitangaza kutaka kuuza maduka yao ya Kenya, Uganda, Tanzania, Nigeria na Ghana, na kufikia mwisho wa 2022 Game ilikuwa imefunga Tanzania. Hapo hakukuwa na rafu tupu wala aibu ya madeni. Watu walikaa kwenye ofisi ya mbali sana wakaangalia hesabu, wakasema huku hatuendelei. Ukiwa na kaduka pembeni ya Game unalijuaje hilo mapema? Kwa shida sana, labda uwe unasoma habari za biashara kama unavyosoma matokeo ya mpira.

Jumlisha sasa. Tangu 2006, supamaketi ya kwanza imeondoka, ya pili imekufa, na duka kubwa la upande wa pili limefunga. Weka na Uchumi, ambayo haikuwa Mlimani City ila ilikuwa Dar, nayo ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Wote hao walikuwa na majina, wakaguzi, mawakili. Na jengo bado lina watu.

Kwa nini? Mimi nadhani kwa sababu watu hawaletwi na supamaketi peke yake. Kuna chuo pembeni ambacho hakihami. Kuna barabara ya Sam Nujoma. Kuna benki, na mtu anayeenda benki haendi kwa sababu ya rafu ya unga. Kuna sinema na sehemu za kula, kuna ukumbi wa mikutano ambako kila wiki kuna harusi, kongamano au mahafali. Jengo lenye wavuta watu watano wadogo, na eneo lenye watu wake wa asili, linaweza kupoteza mmoja mkubwa likayumba bila kuanguka.

Kinyume chake kipo Dar hapohapo. Machinga Complex, pale Karume, Ilala. Jengo la ghorofa lililokamilika mwaka 2010 kwa ajili ya wamachinga maelfu, kwa mkopo wa NSSF. Nia njema kabisa. Lakini ghorofani walipandishwa wauzaji bila kitu chochote cha kuwapandisha wanunuzi. Mteja wa machinga ananunua kwa sababu amekutana na bidhaa njiani akienda kwenye daladala. Huwezi kumwambia apande ngazi kutafuta soksi. Wengi wakashuka, wakarudi barabarani, na vizimba vya juu vikakaa vitupu miaka na miaka. Nikimsikia mtu anasema machinga hawapendi kupangwa, huwa namuuliza: uliwapanga pamoja na wateja wao?

Kuna jambo jingine la pembeni ambalo limewaumiza wapangaji wa mijini. Kwenye majengo mengi makubwa ya Dar pango lilikuwa linatajwa kwa dola. Mwaka 2006 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,250. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Tuseme pango ni dola 500 na halijapanda hata senti. Kwa shilingi limetoka laki sita na ushee mpaka zaidi ya milioni moja na laki tatu, na wewe unauza kwa shilingi. Mwaka 2025 serikali ilitoa kanuni za kukataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa ndani. Kwa hiyo akija dalali na mkataba wa dola, mkumbushe kwa upole. Huku Igowole hatujafikia huko, ila nimesikia wanaotaka "pango lipande kila mwaka kulingana na hali". Hali ipi? Iandikwe asilimia.

Haya, tumerudi nyumbani.

Igowole hakuna Shoprite. Lakini wavuta watu tunao, ila hatujazoea kuwaita hivyo. Kuna mahali magari ya Mafinga yanasimama. Kuna siku ya gulio. Kuna mashine ya kusaga, ambapo mama anasubiri debe lake kwa nusu saa na macho yake yanatembea. Kuna wakala mwenye salio la kutosha muda wote (huyo ni dhahabu, ukipata fremu jirani naye usiringe). Kuna duka la pembejeo msimu wa mbolea. Na juu ya vyote kuna mshahara wa chai na hela ya mbao. Zikitoka, hata muuza maua ya plastiki anauza. Zikichelewa, sote tunaangaliana.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye jengo jipya ukaambiwa "hapa mbele anakuja mtu wa duka kubwa la jumla", usiishie kufurahi. Uliza ameshalipa au ameahidi. Uliza amelipa muda gani. Kama yeye kalipa miezi mitatu na wewe unatakiwa ulipe mwaka, basi yeye anajaribu na wewe ndo umeoa. Mfuate mwenyewe umuulize, watu wa jumla huwa wanasema ukweli ukiwaendea kistaarabu. Angalia na rafu zake kule aliko sasa. Mtu wa jumla ambaye kila ukienda bidhaa fulani "inakuja kesho" ameshaanza ule ugonjwa wa rafu tupu.

Alafu kaa upande wa pili wa barabara, uhesabu watu. Sitanii. Siku moja ya gulio, siku moja ya kawaida, siku moja baada ya mshahara. Usihesabu wanaopita tu, hesabu wanaopita taratibu, maana anayewahi gari hanunui sufuria. Fanya hivyo kwenye fremu unayoitaka na kwenye fremu uliyonayo. Tuseme fremu ya zamani ni 40,000 kwa mwezi na mpya ni 80,000. Kama faida yako kwenye chombo kimoja ni 1,000, unahitaji kuuza vyombo 40 zaidi kila mwezi ili tu ubaki ulipokuwa. Je, hao watu 40 umewaona ulipokuwa umekaa pale? Kama hujawaona, hela ya nani italipa tofauti?

Kwenye mkataba omba miezi mitatu mitatu kwa mwaka wa kwanza. Wengine watakataa. Wenye majengo yenye fremu nyingi tupu huwa wanakubali, kwa sababu fremu iliyofunguliwa inavuta wapangaji wengine, na wao wanalijua hilo kuliko wewe. Jaribu pia kuandikisha ule mstari wa Wamarekani kwa Kiswahili chetu: kama mpangaji mkubwa aliyetajwa hataingia ndani ya miezi mitatu, au akiondoka, pango langu litakuwa nusu mpaka apatikane mwingine. Mwenye jengo akicheka, muulize anacheka nini, si amesema mtu anakuja? Na kama unatakiwa kumlipa kilemba mpangaji anayetoka, uliza kwa nini anatoka mahali pazuri hivyo.

Namba za simu za wateja wako ziandike, kwenye daftari hata la mia tano. Ukihama, au jirani akifunga, hao ndo watu pekee ambao sio wa jengo wala wa jirani. Mimi nina majina kama mia mbili na kitu. Mzigo wa sufuria ukiingia natuma ujumbe, na wanaokuja siku hiyo hawajaletwa na gari la Mafinga wala na mshahara wa chai.

Mwenye mkataba wa fremu ambao hauelewi, upige picha ufiche majina, utume hapa tuusome pamoja.